Kabla Hamjayachoma Magobore: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Silaha na Haki Jinai

Waheshimiwa, maafande, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Dodoma, nikiwa bado mwanafunzi katika kazi ya uchunguzi wa silaha na risasi. Ombi langu ni moja, na naliweka hapa juu ili asiye na muda wa kusoma barua yote aondoke nalo: kabla ya kuyateketeza magobore yanayosalimishwa na yanayotaifishwa katika mikoa hii ya kati, yatengwe machache, yasajiliwe, yahifadhiwe maabara kwa ajili ya kufundishia na kulinganishia. Yaliyobaki chomeni, na mkinihitaji nitakuja kusogeza kuni.

Sitataja kesi iliyo mahakamani, wala kituo, wala mtu. Nayazungumzia mambo ya kazi tu.

Wengi wakisikia kazi yangu hudhani nashinda uwanjani nikilenga shabaha. Ukweli ni kwamba nashinda nimeinama. Kwa silaha za kiwandani elimu yetu ina mahali pa kushika. Ndani ya mtutu wa SMG, kama tunavyoziita hapa zile za ukoo wa AK-47, mna mifereji minne iliyojipinda kuelekea kulia. Kichwa cha risasi ya milimita 7.62 kikipita humo hutoka kimechorwa. Pini hugonga kitako cha ganda na kuacha shimo lenye umbo la ncha yake. Ganda nalo hubamizwa nyuma kwenye uso wa chuma na kuchukua mikwaruzo ya uso huo, kisha vyuma vinavyolitoa na kulirusha nje huongeza alama zao. Sisi hufyatua risasi za majaribio ndani ya tangi la maji, tukaziokota zikiwa hazijapondeka, tukaweka moja upande mmoja wa hadubini ya ulinganisho na ile ya eneo la tukio upande wa pili. Ni hadubini mbili zilizounganishwa juu, na jicho huona picha mbili zilizotengwa na mstari mwembamba. Unazungusha pole pole. Mikwaruzo ya upande huu ikivuka mstari na kuendelea upande ule, unanyamaza na kumwita msimamizi wako aje aangalie bila kumwambia umeona nini.

Chombo hicho si kipya. Philip Gravelle na Calvin Goddard walikuwa wakikitumia New York katika miaka ya 1920. Februari 1929, watu 7 walipigwa risasi ndani ya gereji jijini Chicago na wauaji ambao baadhi yao walivaa sare za polisi, na mji mzima ukawashuku polisi. Goddard aliyalinganisha maganda ya pale gereji na silaha za polisi, akaonyesha kwamba hazikuhusika. Mwishoni mwa mwaka uleule bunduki mbili aina ya Thompson zikakamatwa katika nyumba ya mhalifu mmoja huko Michigan, na hizo ndizo zilizolingana. Nakitaja kisa hiki kwa sababu jibu la kwanza lililoipa kazi yetu jina duniani lilikuwa “hapana”, na waliosafishwa nalo walikuwa polisi. Nadhani tumekisahau.

Sasa tuje kwetu. Ukitoka Manyoni kuelekea Itigi na kuingia kwenye vichaka vinavyopakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, au ukipanda upande wa Chemba na Kondoa karibu na Swagaswaga, silaha utakayoikuta kwa mrina asali, kwa anayelinda mtama wake dhidi ya nguruwe pori na nyani, au kwa jangili, mara nyingi ni gobore. Mtutu wake ni bomba. Ndani ni laini, hamna mfereji hata mmoja. Hushindiliwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, kisha goroli au vipande vya nondo. Nyuma kuna chuchu ndogo inayovalishwa fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa, na nyundo ya kuigonga. Ganda halina, kwa hiyo haliachi ganda eneo la tukio.

Mpelelezi anakuja na vipande vya nondo vilivyotolewa mwilini mwa marehemu, na gobore lililokamatwa wiki kadhaa baadaye. Anauliza swali alilofundishwa kuuliza: “Je, hivi vimetoka humu?” Jibu la kweli karibu kila mara ni kwamba haiwezekani kubaini. Bomba laini halikuandika juu ya nondo ile kitu kinachoweza kusomwa kuwa ni chake peke yake.

Hapo uso wake hubadilika, na simlaumu. Ametoka mbali kwa basi akiwa amepakata mfuko wa kielelezo, na wakili wa serikali anamsubiri. “Kwa hiyo hamjui?” Niliulizwa hivyo mara ya kwanza nikakosa la kusema. Msimamizi wangu, mama mmoja mtulivu mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, ndiye aliyenijibia: “Nondo hii haisemi kitu, mwanangu. Kaa nikuonyeshe vinavyosema.”

Na vinavyosema ni vingi, ndiyo maana naandika. Fataki iliyobaki kwenye chuchu ina alama ya nyundo, na nyundo iliyofuliwa kwa mkono ina makovu ambayo huwezi kuyapata kwenye kitu cha kiwandani. Kitambaa cha kushindilia huruka na kuanguka njiani, na kingo zake zilizochanika zaweza kuoanishwa na kipande kilichobaki kwenye mkoba. Masizi huenda kwa wakemia. Mtawanyiko wa goroli hukisia umbali, mradi tuwe tumelipiga gobore lilelile, kwa shindilio la namna ileile, kwenye karatasi zilizosimamishwa umbali tofautitofauti. Kuna na zile silaha za kienyeji zinazotumia risasi za shotgun, ambazo pini yake ni msumari uliochongwa kwa tupa. Hizo kwetu ni neema: kila msumari umechongwa kivyake, na ganda hubaki. Nikipewa ganda la namna hiyo siku hiyo nafanya kazi kwa furaha.

Kisha kuna lile la “lilifyatuka lenyewe”. Chukueni mfano wa warina asali wawili wanaotembea usiku. Mmoja anajikwaa, gobore linalia, mwenzake anakufa. Tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia inaweza kulala kwenye swali dogo la kifundi: je, nyundo ya gobore hili hushika inapovutwa, au huponyoka ukiligonga kitako? Tunalijibu kwa kuning’iniza mizigo kwenye triga, kwa kuligonga pande zote likiwa na fataki bila baruti, kwa kuliangusha kutoka kimo cha kiuno. Kazi ya siku nzima, na jibu linatoshea kwenye mistari miwili. Lakini mistari hiyo inahitaji mlinganisho: nyundo za magobore mengine hushikaje? Hili limechakaa, au ndivyo yote yalivyotengenezwa? Mwenye kuliona moja tu hawezi kujibu.

Lipo pia swali linalopita kimyakimya kuliko yote: je, hiki ni silaha? Mnajua uzito wake kuliko mimi. Mtu akishtakiwa kumiliki silaha bila leseni kwa Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na shtaka likaunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, kifungo hakipungui miaka 20. Kielelezo chenyewe kinaweza kuwa bomba lenye kutu lililofungwa kwenye kitako cha mti, chuchu imeziba, nyundo haina springi. Kina umbo la gobore. Kinaweza kufyatua? Kikisafishwa? Kikipata springi mpya? Mchunguzi akiandika “inafanya kazi” bila kueleza alifanya nini mpaka ikafanya kazi, mzee wa miaka sitini anaweza kufia gerezani. Akiandika “haifanyi kazi” kwa sababu hakujua namna ya kulifungua, muuaji anarudi nyumbani.

Tatizo ninalotaka mnisikilize zaidi ni hili linalofuata. Mhunzi mmoja hutengeneza magobore mengi. Hutumia tupa ileile kusawazisha uso wa nyundo, keekee ileile kutoboa chuchu. Baadhi ya mikwaruzo ya tupa hiyo hupita kutoka nyundo moja hadi nyingine, ikifanana. Wakufunzi wetu huziita alama za kundi dogo, na ndizo mtego mkubwa kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu kwenye hadubini zinavutia sana. Fundi cherehani mmoja akishona sare za shule nzima, mishono itafanana, wala haimaanishi shati lako ni langu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuona nyundo za mhunzi mmoja zimepangwa mezani pamoja ataiona mikwaruzo ile kwenye fataki, moyo utamdunda, ataandika “imelingana”, na mtu atafungwa kwa gobore la jirani yake ambalo walilinunua kwa fundi mmoja.

Wenzetu walikwisha kulikabili jambo hili kwa silaha za kiwandani. James Hamby na wenzake waliitumia mitutu 10 ya bastola za Ruger iliyochongwa mfululizo, yaani ile inayotarajiwa kufanana kuliko yote, wakafyatua, kisha wakazigawa seti za risasi 15 zisizojulikana asili kwa wachunguzi zaidi ya 500 wa nchi mbalimbali: kila moja imetoka mtutu upi? Mitihani ya aina hiyo hutumika kuwapima wanafunzi, na ni mitihani mizuri, inakutoa jasho. Ila sijawahi kuletewa kutoka Itigi bastola kumi mpya za Ruger. Ninaloomba ni mtihani huohuo kwa magobore kumi ya mhunzi mmoja. Hatuwezi kuyatengeneza wenyewe, maana tutakuwa tumetenda kosa tunalolichunguza. Hatuwezi kuyanunua. Mahali pekee yanapopatikana kihalali ni kwenye lundo mnalolichoma.

Mnaweza kusema mwanafunzi huyu anakuza mambo. Basi tazameni yaliyoandikwa na wasiotupenda. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, na mwaka 2016 jopo la washauri wa sayansi wa Rais Obama, yaliikosoa taaluma yetu waziwazi kwamba inategemea mno jicho na uzoefu wa mchunguzi, na kwamba majaribio yanayopima ni mara ngapi tunakosea ni machache mno. Jopo la 2016 lilikubali utafiti mmoja tu kuwa ulipangwa ipasavyo. Wapo wachunguzi waliokasirika. Mimi nadhani walikuwa na hoja. Na kama hoja hiyo inaigusa mitutu ya kiwandani, mnataka niseme nini kizimbani kuhusu nyundo iliyofuliwa nyuma ya nyumba ya tembe? Mawakili wa utetezi wanasoma nao. Iko siku mmoja atasimama, arekebishe joho lake, aniulize kwa upole: “Shahidi, silaha za fundi huyu umewahi kuona ngapi?” Nikijibu “hii moja”, ashukuriwe akikaa chini bila kuongeza neno.

Kuna jambo lingine linaloambatana na hili, nalo ni takwimu. Niliwahi kujaza fomu ya taarifa ya mwezi iliyokuwa na safu mbili: vielelezo vilivyolingana, na vielelezo visivyolingana. Nikauliza vile visivyobainika niviandike wapi. Nikaambiwa niviache kwanza, vitashughulikiwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyechora fomu alikuwa anafikiria SMG. Lakini mwanafunzi anayejaza fomu ya safu mbili kila mwezi anafundishwa na fomu kuliko anavyofundishwa na mkufunzi. Jumuiya za kimataifa za wachunguzi wa silaha zina daraja linalojitegemea la kutofikia hitimisho, na jingine la kielelezo kisichofaa kuchunguzwa. Ongezeni safu. Gharama yake ni wino.

Kuhusu jinsi vielelezo vinavyofika sitasema mengi, maana waraka juu yake upo na unajulikana. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilikwisha kufafanua kwamba mlolongo wa utunzaji ni kumbukumbu za maandishi zenye mfuatano, tangu kielelezo kinapokamatwa, kinapotunzwa, kinapohamishwa, kinapochunguzwa hadi hatima yake. Niongeze la kifundi tu. Masizi ya baruti ya gobore huvuta unyevu na kula chuma. Gobore likikaa stoo kwa mvua za masika nzima bila kuguswa, mtutu utakaofika kwetu si ule uliofyatuliwa. Na tafadhali, maganda yasifungwe pamoja kwenye kitambaa kimoja yakagongana njia nzima, na namba ya jalada isichorwe kwa msumari juu ya alama ninayotakiwa kuisoma. Yametokea yote.

Sasa namna ninavyoliona ombi langu likitekelezwa. Unapotangazwa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, mtu wa maabara awepo kabla lundo halijaenda motoni. Achague. Asichague yaliyo mazuri. Achague yanayofanana, kwa sababu yanayofanana ndiyo yanayotufundisha. Kila lililochaguliwa lipigwe picha, mtutu upimwe urefu na upana, liandikwe limetoka wilaya gani. Aliyelisalimisha ameahidiwa kutoulizwa, na ahadi hiyo iheshimiwe kikamilifu. Lakini yuko mzee atakayependa kusimulia mwenyewe, wazee wa huku hawakosi simulizi, naye aulizwe kwa heshima tu: mzee wangu, hili lina umri gani, na fundi wake alilitengenezaje? Jina la fundi halihitajiki. Akisema haya mawili ni mkono mmoja, tumepata hazina.

Baada ya hapo yafyatuliwe kwa kamba, mtu akiwa nyuma ya kinga, kwa sababu bomba lisilojulikana unene wake linaweza kupasuka. Fataki zihifadhiwe, karatasi za mtawanyiko zihifadhiwe. Mafunzo ya kazi hii katika maabara nyingi duniani huchukua takriban miaka miwili kabla mtu hajaruhusiwa kusaini ripoti peke yake. Katika miaka hiyo, mwanafunzi wa Kanda ya Kati apitishwe kwenye mkusanyo huo, apewe mtihani ambao msimamizi anajua majibu yake na yeye hayajui, na makosa yake yaandikwe. Makosa hayo yakisomwa mahakamani siku moja, na yasomwe. Ni afadhali kuliko ukurasa mtupu.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inatutaka kuziharibu silaha haramu zilizokusanywa. Naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona picha ambazo ninyi hamjaziona, au mmeziona mkasahau. Silaha zilizosajiliwa kwa ajili ya uchunguzi haziko mtaani, na maabara za polisi katika nchi nyingi zina makusanyo ya namna hii. Pili, fedha. Sisi hatuombi jengo. Tunaomba makabati, lebo, karatasi na nafasi ya mtu mmoja kwenye gari siku ya zoezi.

Tatu ni usalama, na hoja hii ndiyo nzito, kwa hiyo nimeifikiria kuliko nyingine. Silaha iliyotoka maabara ikaenda kuua ingekuwa aibu isiyofutika. Gobore lina bahati ya kuwa rahisi kugawanywa. Nyundo zote zikae kabati moja, mitutu yote kabati jingine, vyumba tofauti, funguo kwa watu wawili wasiokaimiana. Fataki na baruti zisikae jengo hilo kabisa. Kila kipande kipigwe namba, na daftari likaguliwe kila robo mwaka na afisa asiye wa maabara, anayechagua mwenyewe ni kabati lipi afunguliwe. Kikipungua kipande, mkusanyo ufungwe siku hiyohiyo na wote tuhojiwe, nikianza mimi.

Zoezi lijalo likitangazwa, ninachohitaji ni barua yenye saini inayoniruhusu kufika kwenye lundo asubuhi, kabla ya petroli. Rula, lebo na kamera ninavyo.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa uchunguzi wa silaha na risasi,
Dodoma